Nembo ya Schwarzenberg kwenye kasri la Hluboká: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nakaa České Budějovice, kusini mwa Ucheki, na kila mgeni akija kutoka nyumbani lazima nimpeleke Hluboká nad Vltavou maana ni kilomita kama kumi tu na kasri lenyewe ni jeupe, zuri, limekaa juu ya kilima kama keki ya harusi. Basi tukifika pale getini mgeni anasimama, anakodoa macho, na maswali yanaanza. Ni yale yale kila mwaka. Nimechoka kujibu kwa voisi noti kwa hiyo nimeyaandika hapa, ukiuliza tena ntakutumia hii.

Huyu ndege anamfanya nini huyu mtu?

Anamdonoa jicho. Hujakosea kuona. Vishikio vya mlango pale Hluboká vimetengenezwa kwa umbo la kunguru, na chini ya mdomo wa kunguru kuna kichwa cha mtu kilichokatwa, kimenyolewa upara kikaachwa kishungi kimoja tu cha nywele, na ule mdomo umeingia moja kwa moja kwenye jicho. Yaani ukitaka kufungua mlango unamshika kunguru. Kichwa ni cha Mturuki, kunguru ni wa ukoo wa Schwarzenberg, makabaila waliokuwa wenye kasri hili, na hiyo picha ni kipande kimoja cha nembo yao. Ukishaigundua mara moja utaanza kuiona kila sehemu, juu ya milango, kwenye mbao, kwenye mawe, sehemu nyingine kubwa sehemu nyingine ndogo.

Kwanini mtu ajivunie kitu kama hicho?

Kwa sababu ndicho kilichowapandisha cheo. Mwaka 1594 jeshi la Waosmani, yaani Waturuki, liliiteka ngome ya Győr kule Hungaria, na Győr haikuwa ngome ya mchezo, ndiyo ilikuwa imekaa kwenye njia ya kwenda Vienna, ukiishika hiyo Kaizari wa Dola Takatifu la Kirumi hapati usingizi. Sasa usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1598 kikosi cha Kaizari kikiongozwa na Adolf von Schwarzenberg pamoja na Mhungaria Miklós Pálffy kilisogea hadi getini, wakatega baruti kwenye mlango, mlango ukalipuka, wakaingia. Kufika asubuhi mji ulikuwa wao. Ulaya nzima ilishangilia, kengele zikapigwa.

Kaizari Rudolf II, ambaye alikuwa anakaa Praha, mwaka uliofuata, 1599, akampa Adolf cheo cha graf, yaani kabaila wa dola, na akamruhusu aongeze kwenye ngao yake hiyo picha ya kunguru na kichwa. Kwa hiyo usiione kama pambo. Ichukulie kama risiti. Ni kama mtu amepewa hati ya kiwanja halafu akaibandika mlangoni ili kila anayepita ajue alikipataje.

Ila utamu haukudumu. Mwaka 1600 askari wa kukodiwa waliokuwa kwenye ngome ya Pápa, hapo hapo Hungaria, waligoma kwa kutolipwa mishahara, Adolf akatumwa kwenda kuwatuliza, wakampiga risasi akafa. Sehemu hiyo kwenye ngao haimo.

Sawa, lakini kwanini kunguru? Si wangeweka simba au tai?

Hapa kuna mchezo wa maneno. Győr kwa Kijerumani inaitwa Raab, na kunguru kwa Kijerumani ni Rabe. Umeona? Kunguru ndiye mji wenyewe, na mji unamdonoa aliyekuwa ameukalia. Wachora nembo wa zamani walipenda sana utani wa aina hii, nembo nyingi za Ulaya ni vitendawili vya majina, ukijua lugha unacheka, usipojua unabaki kuogopa ndege.

Mimi nimekulia Dar, kunguru kwetu ni mwizi wa vifaranga na mpasua mifuko ya taka, kwa hiyo mara ya kwanza kuona watu wamemweka kunguru kwenye dhahabu nilicheka peke yangu. Huyu wa Schwarzenberg lakini ni yule kunguru mkubwa mweusi tii wa misitu ya Ulaya, sio hawa wetu wa kijivu shingoni.

Kwa hiyo ni kichwa cha Muislamu? Kuna watu wameniambia nisiende.

Ndiyo, ni kichwa cha askari wa Kiosmani na kwa aliyekichora mwaka 1599 Mturuki na Muislamu vilikuwa neno moja. Sitaki kulipaka sukari hili. Shangazi yangu alikuja kunitembelea, mama wa Tanga, mtu wa swala tano, tukapanda kilima taratibu anapumzika pumzika, tukafika mlangoni akaangalia kile kishikio kwa muda kisha akarudi nyuma hatua moja, akasema "mimi huyo sipitishi mkono wangu hapo mwanangu, nifungulie wewe." Nikamfungulia. Akaingia, akatembea vyumba vyote, akasifu mazulia, na wakati wa kutoka akanisubiri tena nifungue. Sikumbishia.

Ninachoweza kusema ni hivi. Vichwa vya Waturuki kwenye nembo sio vya Schwarzenberg peke yao, kule Hungaria koo nyingi zinavyo kwa sababu vita na Waosmani viliendelea vizazi na vizazi, na kila aliyerudi na ushindi aliomba picha yake. Na upande wa pili nao walikuwa wanahesabu vichwa, vita vya wakati ule vilikuwa hivyo. Pia hawa hawa Schwarzenberg baadaye walikuwa wanajeshi na wanadiplomasia waliopigana zaidi na Wakristo wenzao, Karl Philipp zu Schwarzenberg ndiye aliyekuwa jemadari mkuu wa majeshi ya ushirika yaliyompiga Napoleon pale Leipzig mwaka 1813, na Napoleon hakuwa Mturuki. Nenda ukaangalie mwenyewe. Ukiona huwezi kushika mlango, subiri kidogo, kuna makundi ya wageni yanapita kila saa, utaingia nyuma yao.

Na hivyo vitu vingine kwenye ngao ni nini? Naona kama michoro imerundikwa tu.

Haijarundikwa, imepangwa, na mimi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kabla hatujaanza jua jambo moja, kwenye nembo kulia na kushoto vinahesabiwa kwa mtu aliyeshika ngao, sio wewe unayemtazama. Kwa hiyo kulia kwa ngao ni kushoto kwako. Ili tusichanganyane hapa nahesabu kwa macho yako.

Ngao kubwa imegawanywa mara nne. Juu kushoto kuna mistari ya wima ya bluu na fedha. Huo ndio ukoo wa asili, wanaitwa Seinsheim, watu wa Franconia, Ujerumani. Mmoja wao aitwaye Erkinger mwanzoni mwa karne ya 15 alinunua kasri la Schwarzenberg huko huko kwao na ukoo ukachukua jina la mahali. Kwa hiyo hawa wanaoitwa makabaila wakubwa wa Ucheki walikuja kutoka nje, na jina ni la nyumba waliyonunua. Sijui kwanini lakini hili huwa linawafurahisha sana wageni wangu.

Juu kulia kuna meno kama ya msumeno, mekundu na ya fedha. Hayo ni ya ukoo wa Sulz. Mwaka 1674 Ferdinand wa Schwarzenberg alimuoa binti wa Sulz aitwaye Maria Anna, ukoo wa Sulz ukakosa mrithi wa kiume, na mwaka 1687 ardhi yao ya Klettgau, mpakani mwa Ujerumani na Uswisi, ikaangukia kwa mkwe. Meno ya msumeno ni mahari iliyoingia mlango wa nyuma.

Chini kushoto kuna kijinga cha moto kimelala mshazari, kinawaka. Hicho ni cha ukoo wa Brandis, na ni kitendawili kingine, Brand kwa Kijerumani ni moto. Brandis walikuwa mabwana wa Vaduz, ule mji ambao leo ndio makao makuu ya Liechtenstein, wakaoana na Sulz, na Sulz wakaoana na Schwarzenberg, kwa hiyo moto ulipita nyumba mbili ndio ukafika hapa.

Chini kulia ndio kunguru wetu na Mturuki wake, kwenye uwanja wa dhahabu.

Halafu katikati juu ya vyote kuna kingao kidogo kimegawanywa mara mbili. Upande mmoja mnara wa fedha umesimama juu ya kilima cheusi, na hapo hamna haja ya kuuliza, Schwarzenberg maana yake ni mlima mweusi. Upande wa pili miganda mitatu ya ngano ya dhahabu kwenye bluu, hiyo ni Klettgau yenyewe. Yaani ukisimama dakika mbili mbele ya ngao umeshasoma wametoka wapi, wamenunua nini, wameoa wapi na wamempiga nani. Sisi kwetu haya tunayajua kwa kumsikiliza bibi akitaja ukoo fulani bin fulani na shamba lile alilipata kwa nani, wao wamechora.

Kinachochekesha, Klettgau waliiuza mwaka 1812. Miganda ya ngano ikabaki kwenye ngao. Shamba limeuzwa, picha ya shamba haiuzwi.

Yule kondoo anayening'inia chini kwenye mnyororo?

Sio kondoo mzima, ni ngozi yake ya dhahabu na kichwa na miguu vinaning'inia. Hiyo ni alama ya Nishani ya Ngozi ya Dhahabu, ilianzishwa mwaka 1430 mjini Bruges na mtawala wa Burgundy, na baadaye ikawa mikononi mwa ukoo wa Habsburg, waliotawala Austria. Walikuwa wanapewa wachache sana. Kuiweka kuzunguka ngao ni kumwambia mgeni kabla hajakaa kwamba humu ndani unaongea na mtu anayekula meza moja na Kaizari.

Na ile joho kubwa la manyoya meupe yenye vidoti vyeusi, lililofunguliwa nyuma ya ngao kama pazia, pamoja na taji juu yake, ni alama za cheo cha Fürst, kilicho juu ya graf, ambacho walikipata mwaka 1670. Vile vidoti ni ncha za mikia ya kamnyama kadogo ka huku ambako manyoya yake yanageuka meupe wakati wa baridi ila mkia unabaki mweusi nchani. Kila kidoti mkia mmoja. Hesabu joho zima uone ni wanyama wangapi.

Mbona kwenye jiwe hamna rangi? Nitajuaje ipi ni nyekundu ipi ni bluu?

Swali zuri na wengi hawaulizi. Karne ya 17 kulikuwa na padri Mjesuti aitwaye Silvester Petra Sancta aliyeusambaza mfumo wa alama, na hadi leo unatumika. Nukta nukta ni dhahabu. Patupu ni fedha. Mistari ya wima ni nyekundu, mistari ya kulala ni bluu, ikikatana ni nyeusi. Kwa hiyo ukikuta nembo kwenye sarafu, kwenye muhuri au kitabu cha zamani, sogea karibu, kama kuna vinukta vidogo hiyo ni dhahabu. Angalizo tu, sio kila fundi alijisumbua, nembo nyingi za mawe ni laini na hazina alama zozote.

Na kuna sheria nyingine, rangi isikae juu ya rangi, wala dhahabu isikae juu ya fedha. Kunguru mweusi kwenye dhahabu, sawa. Miganda ya dhahabu kwenye bluu, sawa. Sababu ni ya kivita kabisa, ngao ilitakiwa ionekane kutoka mbali ili usimchome mkuki mwenzako. Hizi nembo zetu za Afrika Mashariki nazo zimefuata ukoo huo huo kupitia Waingereza, angalia nembo ya Kenya, ngao katikati, simba wawili wameishikilia, jogoo na shoka lake, Harambee chini. Lugha ni ile ile, maneno ndio tofauti.

Kasri lenyewe ni la mwaka gani? Linaonekana la kale sana.

Limekutapeli. Mahali penyewe ni pa kale kweli, kulikuwa na ngome ya mfalme wa Bohemia, yaani Ucheki ya zamani, tangu karne ya 13, na mwaka 1290 bwana mmoja aitwaye Záviš wa Falkenstein alikatwa kichwa chini ya kuta zake. Lakini huo weupe na minara unayoipiga picha ni wa karne ya 19. Fürst Jan Adolf II alikwenda London mwaka 1838 kwenye sherehe ya kumvika taji malkia Victoria, yeye na mke wake Eleonore wa Liechtenstein wakaipenda Uingereza kupita kiasi, wakarudi na kuanza kubomoa, na kuanzia mwaka 1840 hadi 1871 wakajenga upya kwa mtindo wa Windsor, kasri la wafalme wa Uingereza. Mchoraji wa ramani alikuwa Franz Beer na alipofariki akaendelea Damasius Deworetzky. Vyumba 140, minara 11. Ukumbi wa ndani kuta zimepangwa vichwa vya kulungu vya kuchongwa vyenye pembe za kweli, kwa hiyo usidhani ni Mturuki peke yake aliyepoteza kichwa humu.

Eleonore ndiye aliyekuwa na moto na hii kazi. Ujenzi ukaisha 1871, yeye akafariki 1873. Miaka thelathini ya vumbi kwa miaka miwili ya kukaa, jamani.

Kwa hiyo sasa hivi unaelewa kwanini nembo ziko nyingi namna hii. Watu wa karne ya 13 walikuwa wanajenga ngome ya kujilinda. Hawa wa karne ya 19 reli zimeshapita, ukabaila unashuka, mwaka 1848 kazi za lazima za wakulima kwenye mashamba ya mabwana zimefutwa, katikati kabisa ya ujenzi, na wao wanaendelea kubandika kunguru kila mlango. Mtu aliye salama kwenye nafasi yake haandiki jina kwenye kila kijiko. Hayo ni maoni yangu, watembeza wageni pale hawasemi hivyo.

Nani walikaa kabla yao, na nembo zao ziko wapi?

Walipita wengi. Ukoo wa Pernštejn ulikuwepo mwishoni mwa karne ya 15, nembo yao ni kichwa cha nyati mweusi wa misituni mwenye pete puani, na kuna hadithi kwamba babu yao alikuwa mchoma mkaa aliyemfuga huyo nyati mkali kwa mikono mitupu. Baadaye akaja jenerali Mhispania Marradas ambaye alipewa kama malipo ya kumpigania Kaizari. Mwaka 1661 Jan Adolf I wa Schwarzenberg akainunua kutoka kwa warithi wa Marradas, na hapo ndipo kunguru alipotua. Wakapata na mji wa Třeboň, na mwaka 1719 wakarithi kasri la mji wa Český Krumlov.

Yale maneno NIL NISI RECTUM kwenye nembo yana maana gani?

Ni Kilatini, "hakuna ila kilicho sawa." Yaani hatufanyi kitu isipokuwa cha haki. Rafiki yangu mmoja alisoma tafsiri, akamtazama tena Mturuki na jicho lake, akasema "haya."

Ni kweli kuna nembo hiyo hiyo imetengenezwa kwa mifupa ya watu?

Kweli kabisa, ila sio Hluboká. Iko Sedlec, kitongoji cha Kutná Hora, safari ya siku nyingine hiyo. Kulikuwa na makaburi ya monasteri yaliyojaa kupita kiasi kwa tauni na vita, mifupa ikafukuliwa na kupangwa kwenye kanisa dogo, inasemekana ni ya watu 40,000 au zaidi. Monasteri ikafungwa mwaka 1783 na Kaizari Joseph II na mali ikaja kununuliwa na Schwarzenberg. Mwaka 1870 fundi seremala aitwaye František Rint akapewa kazi ya kupanga mifupa, na yeye akatengeneza taa ya kuning'inia ya mifupa, na akawatengenezea mabosi wake nembo yao. Nzima. Taji la mifupa, mistari ya Seinsheim ya mifupa, na chini kona ile ile kunguru wa mifupa anadonoa tundu la jicho la fuvu.

Hapo ndipo mwili unasisimka, maana kwenye mlango wa Hluboká Mturuki ni wa kuchongwa, huku fuvu ni la mtu aliyekuwa na jina lake na mama yake, mkulima wa Bohemia pengine, amekufa kwa tauni, na sasa anaigiza Mturuki kwenye nembo ya watu asiowajua. Rint na yeye akaandika jina lake ukutani, kwa mifupa. Siku hizi kupiga picha ndani hairuhusiwi bila kibali na mimi naona wamefanya vizuri, watu walikuwa wanapiga selfi na mafuvu.

Nimesikia hawa watu wana uhusiano na Kenya, ni kweli au ni stori za mtandaoni?

Ni kweli. Mwenye mali wa mwisho wa Hluboká, Adolf Schwarzenberg, na mke wake Hilda aliyekuwa binti wa ukoo wa kifalme wa Luxembourg, miaka ya 1930 walikuwa na shamba Laikipia, linaitwa Mpala. Jina la Mpala ukilitaja kwa mtu wa Nanyuki leo analijua. Wote wawili walikuwa watu wa wanyama na mimea. Kwa hiyo kuna wakati watoto wa kunguru wa Győr walikuwa wanaamka asubuhi wanaangalia Mlima Kenya, na mlima huo wala sio mweusi, una theluji.

Adolf huyu sio wa kubezwa. Wanazi walipoingia Austria na kuwapiga marufuku Wayahudi kwenye bustani za umma, yeye aliwafungulia bustani ya jumba lake la Vienna. Mwaka 1940 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamnyang'anya mali zote. Ndugu yake Heinrich, ambaye alimchukua kama mrithi, akapelekwa kambi ya mateso ya Buchenwald.

Basi baada ya vita walirudishiwa?

Hapana, na hapa ndipo wageni wangu wanapotikisa kichwa. Mwaka 1947, kabla hata wakomunisti hawajashika nchi, bunge la Czechoslovakia likapitisha sheria namba 143, wenyewe wanaiita Lex Schwarzenberg, sheria nzima iliyotungwa kwa ajili ya ukoo mmoja, mali za tawi la Hluboká zikahamishiwa serikalini. Bila fidia. Adolf akafa Italia mwaka 1950. Kesi za kudai mali zimekuwepo baada ya 1989 lakini kasri ni la serikali na tiketi unayonunua inakwenda serikalini.

Ukoo ulikuwa na tawi lingine, la Orlík, na hilo lilirudishiwa mali zao baada ya ukomunisti kuanguka. Huko ndiko alikotoka Karel Schwarzenberg, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, akagombea urais mwaka 2013 akashindwa na Miloš Zeman kwenye raundi ya pili, akafariki Novemba 2023. Vyeo vya kikabaila vilifutwa kwa sheria Desemba 1918 kwa hiyo kisheria alikuwa bwana Schwarzenberg tu, ila Wacheki wengi walikuwa wanamwita "kníže", yaani Fürst, wengine kwa utani wengine kwa heshima, na mara nyingi vyote viwili kwa pamoja.

Nikienda Český Krumlov nitamwona kunguru?

Utamwona, maana na wao walikuwa na lile kasri, lakini pale mwenye mji ni waridi. Waridi jekundu la petali tano kwenye fedha, ni la ukoo wa Rosenberg uliotawala hadi mwanzo wa karne ya 17. Kuna hadithi ya mzee Vítek aliyewagawia watoto wake watano mashamba na kila mmoja waridi la rangi yake. Na kwenye handaki la kasri kuna dubu hai. Rosenberg walidai ni ndugu wa ukoo wa Orsini wa Italia, na orso kwa Kiitaliano ni dubu, basi wakafuga dubu kama ushahidi. Undugu wenyewe haujawahi kuthibitishwa ila dubu wanakula kila siku.

Nikifika Hluboká niangalie nini kama sina muda?

Panda basi kutoka České Budějovice, shuka mjini, panda kilima kwa miguu, bustani ni bure. Ndani unaingia na mtembeza wageni tu, sio kujizungusha mwenyewe, na Jumatatu mara nyingi wanafunga kwa hiyo cheki kwanza. Kwa wenye haraka, simama kwenye vishikio vya mlango, halafu tafuta ngao kamili yenye joho, anza juu kushoto na usome kama nilivyokuonyesha.

Ukienda na watoto wape kazi ya kuhesabu kunguru. Wangu mwaka jana alifika kumi na tisa, akarudi nyuma kuhakikisha wa kumi na nne kama hakumhesabu mara mbili, kundi likatuacha, mlango wa chumba kinachofuata ukafungwa, na yule mama mtembeza wageni akarudi na funguo kutufungulia, mtoto akamwonyesha kishikio akamwambia kwa Kicheki, "dvacet." Ishirini.